Chui wa Siku ya Kumi na Mbili

Emanuel alipiga simu saa mbili kasoro asubuhi, wakati Mseti anakata picha za pasipoti za watu waliokuwa wanasubiri kwenye benchi. Hakusalimia. Alisema, "Nimemwona chui wako."

Mseti akaweka mkasi mezani.

"Chui gani?"

"Yule wa kalenda. Yuko juu ya mwamba ule ule. Nimekaa naye dakika kumi nzima, mura. Nimemtazama kwa darubini."

Mseti alicheka kidogo, kisha akaacha, maana upande wa pili wa simu hakukuwa na kicheko. Duniani kulikuwa na watu wawili tu waliojua kwamba chui yule hakuwahi kuwepo, na mmoja wao ndiye alikuwa anamwambia sasa kwamba amemwona.

Mseti Heche alikuwa na studio Bomani, mjini Tarime. Kilikuwa chumba kimoja chenye taa mbili, kiti cha kupigia picha na ukuta uliojaa sura za maharusi. Vitambulisho, harusi na vipaimara vilimlisha. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa wanyama. Kwa miaka kumi na minane aliingia Serengeti kila alipopata nafasi, na kambi za watalii zilinunua picha zake kwa ajili ya matangazo. Waongozaji walimjua kama mtu anayeweza kukaa ndani ya gari tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kusema neno, akisubiri simba ageuze uso.

Halafu, ndani ya mwaka mmoja, simu zikapungua. Kambi moja ilimwambia haimhitaji tena. Nyingine ilimtumia picha ya duma na watoto wake katikati ya majani ya dhahabu, ikamwomba aisafishe tu ili iingie kwenye bango. Mseti aliitazama akaona watoto wale wa duma wana madoa ya chui. Akawaambia. Wakamjibu kwamba picha imetengenezwa na akili mnemba, imepatikana kwa dakika moja, na hakuna mgeni atakayekagua madoa.

Ikabaki kambi moja, iliyokuwa nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, kwenye ardhi ya vijiji. Meneja wake, Athanas, alitaka kitu kimoja tu kwa ajili ya kalenda na ukuta wa mapokezi: chui juu ya mwamba, jua linachomoza. Alisisitiza iwe picha halisi, kwa sababu wageni wake walikuwa wameanza kuuliza. Akampa gari na mwongozaji. Mwongozaji huyo alikuwa Emanuel, Mngoreme wa Ringwani, rafiki yake wa miaka mingi. Watu walisema Emanuel akisikia jani linavunjika nyuma yake anaweza kukwambia ni mnyama gani amelikanyaga, na kama ana mimba.

Walisubiri siku kumi na moja chini ya mwamba ule. Walikunywa chai ya chupa, wakala chapati zilizopoa, wakanong'onezana habari za watoto na mashamba. Chui hakuja. Siku ya kumi na mbili Mseti alirudi Tarime mikono mitupu, akawasha kompyuta, akaingiza kwenye programu picha zake zote za miaka kumi na minane, kisha akaandika anachotaka. Mara ya nne, chui akatokea. Alikuwa mzuri kuliko chui yeyote aliyewahi kumpiga picha. Mseti alimtazama muda mrefu, akasikia aibu, kisha akamtuma kambini.

Jioni ile Athanas alipiga simu. "Hii ni ya kweli, Mseti? Niambie sasa."

"Ya kweli. Muulize Emanuel, tulikuwa wote."

Alimsikia Athanas akigeuka na kuuliza. Kisha sauti ya Emanuel ikajibu kwa mbali, "Ndiyo, bosi. Nilimwona."

Hawakulizungumza tena jambo hilo. Miezi mitatu ikapita hadi asubuhi ile ya simu.

"Sikiliza," Emanuel alisema, akishusha sauti kana kwamba kuna mtu karibu yake. "Kuna mambo hayako sawa. Nyani walikuwa chini ya mwamba wanakula, na chui yuko juu yao, na hata mmoja hakupiga kelele. Unajua nyani wanavyomwogopa chui. Hawa walikuwa kama hawamwoni. Halafu kivuli chake. Jua lilikuwa linatoka kushoto, na kivuli kimelala kushoto huko huko, kinalifuata jua."

"Umechoka, Emanuel."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini nenda kaangalie picha yako."

Mseti alisubiri wateja waondoke, akafungua picha kwenye kompyuta na kuikuza. Mtu aliyeishi kwa kusoma mwanga miaka yote ile alikuwa hajaona: jua lilikuwa kushoto mwa chui, na kivuli chake kilikuwa kushoto vile vile. Akakuza zaidi, hadi mdomoni. Hapakuwa na mdomo. Kulikuwa na mstari mweusi tu, uliopita juu ya manyoya bila kuyagawa, na chini ya mstari ule manyoya yaliendelea. Harufu ya waya unaoungua ikamjia puani. Aligusa kompyuta, ilikuwa baridi. Akagusa swichi ya ukutani, nayo baridi. Akazima kila kitu akaenda kusimama nje, barabarani, mahali penye watu.

*

Wiki tatu baadaye Modesta, mke wa Emanuel, alimpigia. Modesta alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayelima mtama na mihogo, ambaye hakuwahi kumpigia Mseti hata mara moja.

"Shemeji, njoo," alisema. "Njoo leo."

"Kuna nini?"

"Nitakwambia ukifika. Hapa siwezi kusema kwa sauti."

Mseti alichukua basi la kwenda Mugumu, akashuka njiani na kupanda bodaboda hadi Ringwani. Dereva wa bodaboda alimwambia, bila kuulizwa, kwamba kijijini mbuzi wanakufa. Wanakutwa wamelala zizini mchana, macho wazi, bila jeraha, bila damu. Ukiwapasua, alisema dereva, ndani unakuta kila kitu kipo ila kimekauka kama majani ya mwaka jana. Watu wa mifugo walikuja wakachukua vipande, majibu bado.

Emanuel alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni, mikono juu ya magoti. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mashavu imetokeza. Mseti alimwita kwa jina. Emanuel akageuza kichwa, akamtazama kwa upole kama unavyomtazama mtu usiyemjua anayekupisha njiani. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

"Siku ya tano leo," Modesta alisema kwa kunong'ona. "Hali, hasemi. Maji namlowesha kwa kitambaa. Hospitali walimpima damu, mkojo, kifua, wakasema hana ugonjwa. Nimemrudisha."

"Ilianzaje?"

"Alikuja mapumziko. Siku ya pili, mchana, kuku wakanyamaza. Tulikuwa tunakula. Nikasikia harufu, kama waya wa umeme umeungua, na sisi hapa umeme hatuna. Akasimama akaniambia, 'Ni yule. Amenifuata.' Nikamuuliza nani. Akasema, 'Nilisema nilimwona, sasa amekuja nimwone vizuri.' Akatoka. Nilimwona kupitia dirishani amesimama karibu na zizi, anatazamana na kitu, mimi sikukiona kwa sababu ya boma la michongoma. Akarudi hivi."

Mseti alitaka kujibu. Lakini nje kuku waliokuwa wanaparura uani walinyamaza, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mlango wa nyumba ulitazama magharibi na jua lilikuwa linaupiga moja kwa moja. Mlangoni kulikuwa na pazia jeupe, na muda wote huo vivuli vya kuku vilikuwa vinapita juu yake. Sasa lilikuwa jeupe tupu. Modesta alimshika Mseti mkono.

"Usisogee," alinong'ona. "Jana lilikuja saa hizi hizi. Usisogee tu."

Harufu ikaingia kwanza, ya waya, na nyuma yake hapakuwa na harufu nyingine yoyote, si ya manyoya wala ya mnyama wala ya jasho, kisha pazia likaanza kuvimba kwa ndani, taratibu, chini ya usawa wa kiuno, likachukua umbo la kichwa kipana chenye masikio mafupi, na mwanga wa jua ukaendelea kupita kwenye kitambaa kile bila kuzuiwa na chochote, hakuna kivuli, hakuna hata weusi wa kidole, ila umbo lenyewe likisukuma na kusukuma, likisugua mahali ambapo pangekuwa na mdomo, kushoto, kulia, kushoto, kama ndama anayetafuta chuchu gizani na haioni, na kila liliposukuma, koo la Emanuel pale kwenye kiti lilipanda na kushuka kama la mtu anayemeza kitu kutoka ndani kwenda nje. Hakukuwa na sauti. Hilo ndilo Mseti alilokumbuka zaidi baadaye. Mnyama mkubwa kiasi kile, na hakupumua.

Kisha pazia likalegea. Baada ya muda kuku mmoja akalia, na vivuli vikarudi juu ya kitambaa.

Modesta aliuachia mkono wake. "Emanuel aliniambia jina lako kabla hajanyamaza," alisema. "Aliniambia, 'Mseti ndiye anajua.' Unajua nini, shemeji?"

Mseti akamwambia yote. Siku kumi na moja, kompyuta, simu ya Athanas. Alisema akiangalia sakafu. Alipomaliza, Modesta hakulia wala hakumtukana. Alisema tu, "Kwa hiyo ulimtoa mume wangu awe shahidi wa kitu ambacho hakipo." Akachukua khanga yake, akamwita jirani akae na mgonjwa. "Twende kwa Mokami."

*

Mama Mokami alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kando ya barabara. Jumapili aliimba kwaya kanisani, na siku za katikati ya wiki watu walimfuata kwa mambo ambayo hayasemwi kwenye kwaya. Hakupenda kuitwa mganga. Walimkuta mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Alipoona uso wa Modesta akazima injini.

"Shikamoo, mama," Mseti alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga picha."

Alimsikiliza hadi mwisho, akijipangusa unga mikononi.

"Picha ya marehemu baba yako unayo nyumbani?" aliuliza.

"Ninayo."

"Ni ya nani?"

"Ya baba."

"Na ya chui huyu ni ya nani?"

Mseti alifikiri. "Ni ya chui wote niliowahi kuwapiga. Mashine iliwachanganya."

"Nimekuuliza wa nani. Wote si jibu." Mokami alikaa juu ya gunia. "Watu wa pwani wanawaita majini. Wazee wetu waliwaita majina mengine, mengine siyatamki hapa. Wapo wanaotembea bila mwili, na wanachoka kutembea. Wewe umemjengea mmoja mwili mzuri usio na mwenyewe. Ukaapa kwamba upo. Ukamtafutia na shahidi. Ulidhani nani ataingia?"

"Ilikuwa kazi tu, mama. Kila mtu anafanya siku hizi."

"Sijasema usifanye. Ungesema, 'Hii nimeitengeneza,' ingekuwa nyumba yenye mwenyewe. Uliikana."

Modesta akauliza polepole, "Kwa mume wangu anataka nini?"

"Kajengwa nje tu. Ndani hana kitu. Hana koo, hana tumbo, hana hata sauti. Anatafuta cha kujazia. Kwa mbuzi alijaribu, hawakumtosha. Emanuel alisema 'ndiyo, nilimwona', na neno hilo ndilo mlango." Akamnyooshea Mseti kidole. "Kesho mtu huyu atarudi mahali alipodanganya, aseme mbele ya wale wale aliowadanganya, Emanuel akiwepo. Kisha tutakwenda kwenye mwamba na kondoo. Tutampa ndani, ili aache ya mwenzetu. Lakini nikwambie mapema, Modesta, nisije nikakudanganya na mimi. Kondoo ana tumbo. Hana maneno. Alichokwisha kumeza kwa mumeo, sijui kama atakitapika."

*

Walifika kambini asubuhi na gari la kukodi, Emanuel amekaa katikati ya mke wake na Mokami, kondoo nyuma. Athanas alikuwa mapokezi na waongozaji sita wakinywa chai kabla ya kwenda kazini. Ukutani, nyuma ya meza, chui alikuwa amening'inia, mkubwa kuliko meza yenyewe.

"Nina neno," Mseti alisema. "Nataka wote mlisikie. Picha hii si ya kweli. Sikumwona chui. Nilimtengeneza kwenye kompyuta nikasema ni halisi, nikamlazimisha Emanuel aseme hivyo. Yeye hakutaka."

Mwongozaji mmoja mzee, aliyewahi kukaa naye mvuani siku nzima wakitafuta faru, aliweka kikombe chake chini akatoka nje bila kumtazama. Mseti alihisi miaka kumi na minane ikitoka mlangoni pamoja na mzee yule. Baada ya leo, hata tembo aliyempiga picha kwa mkono wake mwenyewe wangeuliza kama aliwahi kuishi.

Athanas alikuwa amekuwa na rangi ya majivu. "Nimewaapia wageni," alisema. "Kwa jina langu."

"Najua. Nisamehe."

"Usirudi hapa tena, Mseti." Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akazunguka meza, akashika fremu kwa mikono miwili na kuitoa ukutani. Akaiegemeza kwenye meza, akaweka kiganja mahali picha ilipokuwa. Akakiondoa haraka.

"Ukuta una joto," alisema. "Mguseni. Una joto kama ubavu wa ng'ombe."

Hakuna aliyeugusa.

Mwamba ulikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kambini. Mokami alimchinja kondoo chini yake, akatoa matumbo, akayatandaza juu ya jiwe tambarare yakiwa bado yanafuka mvuke. Emanuel walimkalisha kwenye nyasi. Kisha Mokami akamwambia Mseti, "Sasa subiri. Hiyo kazi si unaijua?"

Wakasubiri. Jua likapanda. Mseti hakuwa na kamera, na mikono yake haikujua ikae wapi. Ilikaribia saa tano, nzi wamejaa kwenye jiwe, aliposikia nzi wamenyamaza.

Akaja akiteremka mwamba, na Mseti alimfahamu kama mtu anavyofahamu mwandiko wake mwenyewe, doa la begani lililotoka kwa chui jike aliyempiga picha mwaka wa kwanza, sikio lililochanika la dume wa mtoni, mkia wa mwingine aliyekwisha kufa, vyote vimeshonwa pamoja bila mshono, na kivuli kilimtangulia kikilifuata jua, na miguu yake ilikanyaga nyasi na nyasi hazikulala, na uso ule mzuri uliokuwa na mstari badala ya mdomo ukamgeukia Mseti ukamtazama, kwa muda ambao hakuweza kuupima, bila hasira na bila njaa, kwa namna ya mtoto anayemtazama baba aliyemkana mbele ya watu, na Mseti akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, kwa kunong'ona, kwamba ndiyo, wewe ni wangu, mimi ndiye niliyekutengeneza, na hapo yule kiumbe akainamisha kichwa kwenye matumbo ya kondoo, akasugua, akasugua, hadi mstari ule ukapasuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa.

Akala. Walimsikia anakula. Modesta alimfunika Emanuel uso kwa khanga, akaikumbatia khanga ile na kichwa kilichokuwa ndani yake. Kiumbe kile kilipoinua kichwa kilikuwa kinapumua, na kwa mara ya kwanza kilinuka mnyama. Nyani waliokuwa mbali kwenye miti wakapiga kelele wote kwa pamoja. Kikakohoa mara moja, kikavuka mwamba kwenda upande wa pili.

Chini ya khanga Emanuel alisema, "Maji."

*

Alikunywa, na jioni ile akala uji, na baada ya wiki alikuwa anakula ugali na kuwacheka watoto wake. Aliwajua majirani wote. Alikumbuka harusi yake, madeni ya watu, nyimbo za kanisani. Mbuzi waliacha kufa. Modesta alimpelekea Mokami jogoo, naye akampokea bila kusema mengi.

Mwisho wa mwezi Emanuel alirudi kazini. Siku ya kwanza alimpeleka mgeni na mke wake, na mbele ya gari, juu ya kichuguu, alikuwa amesimama nyamera, rangi ya kahawia inayong'aa, na mapaja yake ya bluu. Mgeni aliuliza ni mnyama gani. Emanuel alimtazama nyamera yule kwa makini, kisha akasema kwa adabu kwamba hajui. Alipoulizwa pundamilia, hakujua. Twiga alimshangaza kuliko alivyowashangaza wageni wenyewe. Athanas alimpa wiki mbili, kisha akamwambia arudi nyumbani akalime.

Mseti aliposikia alifunga studio akaenda Ringwani na bahasha za picha zake za zamani, zile za kweli. Alikaa na Emanuel uani, akimwonyesha moja moja. Huyu ni kongoni. Huyu ni pofu, mkubwa wa swala wote. Emanuel alirudia kama mwanafunzi mzuri, na asubuhi yake hakukumbuka hata mmoja. Mseti hakuacha. Alikuwa anarudi kila Jumamosi, na Modesta, ambaye mwanzoni hakumpa hata kiti, alianza kumwekea chai.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa moja asubuhi, walikuwa wamekaa watatu uani. Jua lilikuwa limeshatoka. Kutoka vichakani, ng'ambo ya shamba la mtama, walisikia mwanaume anazungumza.

Hakuzungumza na mtu. Alikuwa anataja majina ya wanyama. Alitaja kwa Kingoreme kwanza, kisha kwa Kiswahili, polepole, akipumzika baada ya kila moja, na hakukosea. Nyamera. Kongoni. Pofu. Alimtaja ndege ambaye Mseti hakuwahi kulijua jina lake. Alitaja aina tatu za swala, na tofauti ya nyayo zao. Ilikuwa sauti ya Emanuel, ile ile, na mkwaruzo wake mdogo wa asubuhi.

Kikombe cha Modesta kilikuwa kimesimama njiani kwenda mdomoni. Mseti alimtazama, naye akatikisa kichwa taratibu, asiseme kitu.

Emanuel alikuwa amegeuza sikio upande wa mtama. Alisikiliza kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa umejaa heshima.

"Huyo mtu anawajua wanyama," alisema. "Muiteni aje anifundishe."